Chumba cha Golandam

Daktari wa mji wa Zabol hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliipachika picha ya kifua cha Golandam kwenye kioo chenye taa, akaitazama kitambo, kisha akamgeukia Eivaz, mume wa mgonjwa, kana kwamba mgonjwa mwenyewe hayumo chumbani.

“Mzee wangu, dawa nitakupa. Ila dawa haiwezi kupigana na nyumba. Hewa anayovuta mama huyu mle ndani ndiyo inayommaliza. Mwondoe huku Sistan.”

“Nimpeleke wapi?”

“Hamna mtoto kule kaskazini? Kila mtu wa huku ana mtoto Gorgan.”

“Tunaye. Anaishi chumba kimoja na mkewe, watoto wao, na mama mkwe juu yake.”

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, na koti likabaki na alama ya kahawia. “Basi msafishieni hewa,” akasema. “Angalau chumba kimoja. Vinginevyo, msimu huu wa upepo sidhani atauvuka.”

Golandam alishuka ngazi za hospitali akiwa ameshika ukuta. Kufika chini akapumzika, ushungi wake ukiwa umebanwa mdomoni, na alipopata pumzi akacheka kidogo. “Umemsikia? Anadhani vumbi ni mgeni, unalikaribisha ama unalifungia mlango.”

“Nimemsikia,” Eivaz alisema.

Barat alikuwa akiwasubiri ndani ya pikapu yake. Barat na Eivaz walikuwa majirani ukuta kwa ukuta, na marafiki tangu utotoni, enzi ambazo ziwa la Hamun lilikuwa na maji na wao wakiogelea kati ya matete wakitafuta mayai ya bata. Ziwa lilipokauka, Barat aliyekuwa mkata matete akanunua pikapu, na Eivaz akaenda kujifunza ufundi wa malori kwenye karakana ya barabara ya Zabol. Tangu hapo kilichokuja kutoka ziwani ni vumbi lake tu. Kila mwaka, joto likishika, upepo wa kaskazini uliikwangua ile sakafu tupu ya ziwa miezi minne mfululizo na kulimwaga vumbi vijijini.

“Amesemaje?” Barat akauliza.

“Amesema tuhame, au tuhamishe upepo.”

“Rahisi kabisa. Tutaanza kesho asubuhi.” Halafu akamwangalia Golandam kwenye kioo, akaona midomo yake ilivyopauka, akaendesha taratibu hadi wakafika.

Eivaz hakulala mchana ule kama ilivyo desturi. Alikaa uani akiutazama mlango wa nyumba yake kama linavyotazamwa lori lililoletwa likivutwa kwa kamba. Kwa miaka yote ya ufundi alikuwa akiwaambia madereva neno moja: injini ya huku haifi kwa uzee, hufa kwa vumbi. Weka chujio la hewa zuri, libadilishe kabla halijaziba, na gari litazeeka nawe. Injini ambazo hazikuchujiwa hewa alizifungua mwenyewe, akaona silinda zilivyokwaruzwa. Sasa alijiuliza imekuwaje hakuwahi kufikiria kifua cha mkewe.

Kesho yake akaanza.

Alichagua chumba cha ndani, kile cha upande wa kusini ambacho hakikupigwa na upepo moja kwa moja. Aliziba madirisha kwa nailoni nene na gundi. Kuta zilikuwa za udongo, na ukizipitishia kiganja zinamwaga unga, hivyo akazipiga jasi, kisha chokaa. Dari la kuba nalo lilikuwa la matofali ya udongo, akalifunika turubai kutoka ukuta hadi ukuta. Mlango aliufanya miwili, mmoja nyuma ya mwingine, katikati ukiachwa ujia mdogo wa kusimama mtu mmoja au wawili, ili ule wa nje ufungwe kabla wa ndani haujafunguliwa. Kisha akafika kwenye zulia.

“Hilo haliondoki,” Golandam alisema kutoka pale alipolala.

“Mama Mehrab, zulia ni ghala la vumbi. Likanyage uone.”

“Nililifuma na mama yangu. Nililetwa nalo katika nyumba hii. Likitoka, na mimi nitoke?”

“Litakaa sebuleni. Haliendi kwa maadui.”

“Sebuleni ndiko upepo uliko.”

“Ndiyo maana wewe utakuwa huku na lenyewe kule.”

Golandam alikasirika siku nzima, na zulia likatoka. Sakafu ikawekwa plastiki inayofutika kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio Eivaz aliupiga marufuku. Alisema ufagio hauondoi vumbi, unaliamsha tu. Tanuri la mkate nalo akalihamisha hadi nyuma ya zizi, moshi usije ukaingia.

Kazi kubwa ilikuwa hewa yenyewe. Ukifunga chumba kabisa, mtu anapikwa humo akiwa mzima. Ukiwasha kipoza hewa cha maji kilichokuwa juu ya paa, kama kilivyo juu ya kila paa, kinavuta upepo wa nje na vumbi lake lote na kukupulizia usoni. Wazee wa zamani walikuwa na njia yao: waliegemeza mbele ya tundu la upepo kiunzi cha mbao kilichojazwa miiba ya ngamia, ile ya vichaka vya jangwani, wakakimwagia maji kutwa, na upepo ukipita kwenye miiba ulipoa na kuacha vumbi lake humo. Lakini zamani maji yalipita mferejini mlangoni. Sasa yalikuja na gari la maji, likikumbuka.

Eivaz akaunganisha ya zamani na ya kwake. Alitengeneza kiunzi kidogo cha miiba, na kopo lililotobolewa likidondosha maji juu yake tone kwa tone. Nyuma ya kiunzi akajenga kasha la bati, ndani yake akapanga machujio mawili ya hewa ya lori, na nyuma ya machujio akafunga feni aliyoing'oa kwenye kichwa cha lori bovu. Feni ilikunywa umeme wa betri, na betri ikalishwa na paneli ya sola juu ya paa, kwa kuwa umeme wa gridi nao ulikuwa na tabia zake siku za joto. Hewa ingeingia imechujwa, ikakijaza chumba, na iliyozidi ingetokea kwenye nyufa za mlango, hivyo vumbi halingepata upenyo wa kuingia.

Kijiji kizima kilikuja kutazama na kucheka.

“Fundi Eivaz kamgeuza mkewe lori,” alisema mmoja.

“Oili utambadilisha baada ya kilomita ngapi?” Barat akauliza, huku yeye mwenyewe akiwa ameshikilia bati ili Eivaz apige misumari. Ndiye aliyebeba lile kasha na ndiye aliyekwenda mpaka Zahedan kutafuta machujio yasiyo bandia.

Siku feni ilipowashwa, Golandam alikaa katikati ya kile chumba cheupe kitupu, mikono magotini, kama mtu aliyefika ugenini na hajui aweke wapi miguu. Aliona aibu. Hata hivyo, kabla ya jua kuzama alilala, na alilala chali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu majira ya baridi. Eivaz alisimama mlangoni akisikiliza. Kile kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kama birika sasa kilikuwa kikipanda na kushuka kimya kimya. Akatoka uani, akaenda nyuma ya zizi kusikoonekana, akalia.

Ulipita mwezi mzuri. Upepo ulikuwa umekwishaanza, na nje watu walitembea wamejifunga vilemba hadi machoni, lakini Golandam alirudisha rangi usoni. Alianza kula. Alianza pia kuchoka na ukimya.

“Umenijengea kaburi zuri,” alimwambia mumewe, nusu kwa mzaha. “Limepakwa hata chokaa. Mwite Sanam aje tuongee.”

Sanam alikuwa mke wa Barat. Alikuwa mfumaji wa mikeka ya matete enzi matete yalipokuwapo, na sasa alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kikohozi chake mwenyewe ambacho hakukipeleka kwa daktari yeyote kwa sababu, alisema, daktari angempa jina la ugonjwa na yeye hakuhitaji jina. Alikuja na kitambaa cha kutarizi. Alivua viatu nje, akakung'uta baibui yake kwenye ujia kati ya milango miwili, akanawa uso kama Eivaz alivyoagiza, akaingia na kuvuta pumzi moja ndefu.

“Ee Mwenyezi Mungu! Kumbe hewa haina ladha!”

Wakacheka wote wawili hadi Golandam akakohoa. Tangu siku hiyo Sanam alikuja kila siku, na Eivaz hakuwa na neno. Sanam alimwinua Golandam, alimsuka nywele, alimsimulia mambo ya kijiji ambayo mwanamume hawezi kuyasimulia.

Lakini habari za hewa isiyo na ladha hazifichiki. Akaja binti mmoja na mtoto mchanga aliyekuwa akikoroma puani. Golandam akamwita ndani. Yule mtoto akalala, na mama yake naye akalala ameketi, mdomo wazi, kwa uchovu. Akaja mzee kipofu aliyeongozwa na mjukuu. Wakaja wanawake na nyuzi zao, watu wa heshima, majirani wa miaka yote, kila mmoja na kifua chake. Waliketi wakizunguka ukuta, wakinywa chai, na chumba kikawa na joto la watu. Kila aliyeingia aliingia na upepo wake mdogo kwenye pindo za nguo. Wengine walifungua mlango wa pili kabla wa kwanza haujafungwa, kwa haraka au kwa kusahau.

Eivaz alifungua kasha akakuta machujio yamegeuka rangi ya matofali kabla ya wakati wake. Akayapiga kwa mpini, akayapuliza, akayarudisha. Kopo la miiba nalo lilimaliza maji mara mbili upesi zaidi, na yalikuwa maji ya kunywa. Wiki ile ile Golandam akaanza kukohoa tena.

“Basi yatosha,” Eivaz alisema walipobaki wawili. “Nimekijenga kwa ajili yako. Sikujenga zahanati.”

“Nimwambie nani atoke? Yule mtoto?”

“Mtoto ana wazazi.”

“Baba Mehrab,” alisema taratibu, “unataka nikae humu navuta hewa safi huku nawasikia wenzangu wanakohoa nyuma ya ukuta?”

“Nataka uishi. Hilo tu ndilo nataka. Nikilitaka nina kosa gani?”

Baadaye wakafikia mapatano ambayo hayakumfurahisha yeyote: watu wangeambiwa Golandam amezidiwa, na Sanam peke yake ndiye angeingia. Eivaz ndiye aliyesimama mlangoni kuwaambia. Watu walielewa. Walisema Mungu amponye, wakageuka na nguo zao zikipeperuka. Yule binti mwenye mtoto mchanga alimfunika tu mwanawe uso. Eivaz alimlalamikia Barat kwamba ameanza kuonekana mchoyo.

“Funga,” Barat akamwambia. “Mkeo kwanza. Mimi ningekuwa na chumba hicho ningefanya vivyo hivyo.”

Dhoruba kubwa ikaja katikati ya msimu. Asubuhi mbingu ilikuwa ya manjano, na kabla ya adhuhuri jua lilikuwa limepotea kabisa. Redio ikatangaza kwamba shule na ofisi zimefungwa, watu wasitoke. Umeme wa gridi ukakatika. Siku ya kwanza Sanam hakuja, na haikuwa ajabu, maana hata kuvuka ua ulihitaji kushika ukuta kwa mkono. Siku ya pili upepo ulizidi. Paneli ya sola ilifunikwa, na hata Eivaz alipopanda paa kuifuta, hapakuwa na jua la kuilisha. Betri ikaanza kuchoka. Feni ikapunguza sauti. Alifunga chujio la mwisho alilokuwa nalo, na maduka ya Zabol yalikuwa mbali kama mwezini.

Golandam alikuwa amekaa, ameegemea mto, mikono imeng'ang'ania magoti, mabega yakipanda kwa kila pumzi. Midomo ilikuwa na rangi ya buluu. Eivaz alimpa dawa ya kuvuta, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji, akapachika taulo zilizolowa kwenye nyufa za mlango wa ndani. Ule wa nje alikuwa ameutia komeo. Alihesabu moyoni kwamba hewa iliyomo, ikiwa haitaguswa, itamfikisha hadi upepo upungue.

Alasiri, ingawa giza lilikuwa kama la magharibi, mtu alibisha.

Eivaz alisikia wazi. Barat alikuwa na namna yake ya kubisha: alitumia ubavu wa ngumi, mapigo matatu mazito, kisha kiganja. Alibisha hivyo tangu ujana wao. Mapigo yakaja, na kiganja kikaja. Katikati ya mlio wa upepo ilisikika sauti ikiita, “Fundi! Fundi!”

Golandam alifumbua macho. Kwa pumzi aliyokuwa nayo alisema, “Nani anabisha?”

Eivaz alimtazama. Aliitazama ile midomo. Aliwaza mlango wa nje ukifunguliwa, na ujia wote ukijaa moshi wa udongo, na mtu akiingizwa kwa kubebwa, maana anayebebwa haingii mlango mmoja baada ya mwingine, milango yote hulazimika kuwa wazi. Aliwaza feni ikitoa pumzi zake za mwisho.

“Upepo tu,” akasema, akainama kulisukuma vizuri taulo chini ya mlango wa ndani.

Barat alibisha tena, mara ya pili na ya tatu. Kisha ukabaki upepo kweli.

Ulipungua kesho yake, baada ya jua kuchomoza. Kwanza mlio ulishuka, halafu mwanga mwekundu ukaonekana nyuma ya nailoni ya dirisha. Golandam alikuwa amelala ubavu, hai, na rangi ilianza kurudi kwenye kucha zake. Eivaz alimbusu paji la uso. Alihisi kwamba ameshinda jambo ambalo watu wa nchi nzima walikuwa wameshindwa. Akafungua mlango wa ndani, akafunga, akafungua komeo la nje, na ilimbidi asukume kwa bega kwa sababu ya mchanga uliorundikana kizingitini.

Uani kwa Barat kulikuwa na wanaume. Walisimama wima, majembe na koleo mikononi, lakini hawakuwa wakizoa mchanga.

Pikapu haikuwapo mlangoni. Mwanamume mmoja alimweleza. Sanam alizidiwa jana mchana. Barat akampakia kumpeleka Zabol, lakini barabara ilikuwa imemezwa na mchanga karibu na daraja la zamani, na pikapu ikakwama. Alirudi naye akimbeba sehemu ya njia mgongoni. Sanam alifariki alfajiri.

“Kabla ya kuondoka Barat alijaribu...” mtu yule alianza, kisha akaangalia pembeni. “Basi. Ni kazi ya Mungu.”

Eivaz alirudi nyumbani kumwambia mkewe. Hakujua amwambieje, akamwambia hivyo hivyo. Golandam alijipiga kifua kwa ngumi, akaita jina la Sanam, na kilio chake kikakatwa na kikohozi. Alipotulia aliutazama mlango.

“Kwa nini Barat hakumleta hapa?”

Eivaz alikuwa akikunja taulo.

“Kabla ya kwenda Zabol, kabla ya kitu chochote, Barat angemleta hapa. Ni hatua chache tu.” Akamgeukia. “Baba Mehrab. Ulisema upepo.”

Eivaz aliendelea kulikunja taulo lile lile, akalikunjua, akalikunja tena.

“Toka,” Golandam alisema. “Toka, tafadhali, nivae niende nikamwoshe mwenzangu.”

“Huwezi kutoka nje na kifua hicho.”

“Toka.”

Eivaz alitoka, na Golandam akatoka baada yake, amejishikilia ukuta, akavuka ua wa mchanga hadi nyumba ya jirani. Alibaki huko pamoja na wanawake hadi mazishi.

Makaburini vumbi lilikuwa bado angani, na watu walimzika Sanam wakiwa wamefunga midomo. Eivaz alisimama safu ya nyuma. Ilipofika zamu yake ya kutoa mkono wa pole, Barat aliupokea, akaushika kama alivyoshika ya wengine, akasema, “Ahsante kwa kuja, fundi.” Hakuna zaidi. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Wiki ya matanga ilipokwisha, Eivaz alikwenda kumwona. Barat alikuwa amekaa kivulini kando ya pikapu iliyokuwa imevutwa kutoka mchangani, akisugua kioo cha mbele kwa kitambaa, ingawa kioo kile kilikwaruzwa na changarawe na kisingeonyesha njia tena.

“Nilisikia,” Eivaz alisema akiwa bado amesimama.

“Najua. Kwenye ufa wa mlango wa nje niliona taulo lako likisogea chini ya ule wa ndani. Ulikuwa unaliziba vizuri.”

“Golandam alikuwa anakufa, Barat.”

“Najua.”

“Ningefungua angekufa yeye.”

“Huenda. Au wangepona wote. Au wangekufa wote.” Barat aliendelea kusugua. “Mimi mwenyewe nilikuambia ufunge. Nakumbuka. Kila nikitaka kukuchukia nakumbuka, na hilo ndilo linaloniua. Hata kukuchukia vizuri siwezi.” Akaweka kitambaa chini. “Usije kwanza. Labda baadaye. Kwa sasa usije.”

Golandam alihamia sebuleni. Alilitandika godoro lake juu ya zulia lake, upande wa dirisha la kaskazini, mahali upepo ulipopenyeza unga mwembamba uliotua juu ya shuka, juu ya bilauri, juu ya nyusi zake. Eivaz alimsihi. Alimletea mtoto wao Mehrab kwenye simu kutoka Gorgan, naye akamsihi, akamwambia watabanana hivyo hivyo, aje tu. Golandam akasema atakuja upepo ukiisha, na wote watatu wakajua kwamba anasema hivyo ili simu ikatwe.

“Sikuadhibu,” alimwambia Eivaz jioni ile, akimmiminia chai kama kawaida. “Usifikiri nakuadhibu. Nimejaribu kurudi. Nikilala mle namsikia Barat akibisha.”

“Basi nitawaita watu. Waje wote. Mlango utakuwa wazi.”

“Waite.”

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Alinunua machujio mapya, akasafisha kasha, akabadilisha miiba, akaling'oa komeo la mlango wa nje na kulitupa kwenye vyuma chakavu. Kila mahali alipokelewa kwa adabu. Walimtandikia mto, wakamletea chai. “Mungu akupe umri, fundi. Tutakuja.” Yule binti mwenye mtoto mchanga alimsikiliza akiwa amesimama kizingitini, mtoto akikoroma begani. “Tumeshazoea,” alisema, na hakuonekana kuwa na hasira.

Hakuna aliyekuja. Feni ilizunguka siku nzima ikisafisha hewa ya chumba kisicho na mtu. Asubuhi Eivaz aliingia, akafuta sakafu kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kilitoka safi. Alitoka akaenda sebuleni, akakuta mkewe amelala na vumbi kwenye mikunjo ya shingo.

Kuelekea mwisho wa msimu alikuja mtu kutoka kijiji cha mbali, mwanamume wa makamo aliyesikia habari za chumba. Alikuwa na baba mgonjwa. Alivua kofia, akaomba aonyeshwe. Eivaz alimpitisha kote, akamweleza jasi, turubai, milango miwili, kasha. Mtu yule aligusa kila kitu kwa ncha za vidole kama yuko dukani.

“Mko wangapi nyumbani?” Eivaz alimuuliza.

“Wengi. Ndugu zangu wote tuko pale na watoto.”

“Na wanakohoa?”

“Nani hakohoi?” yule mtu alicheka. “Lakini baba ndiye mwenye hali mbaya.”

Eivaz alitaka kumwambia jambo. Alitafuta namna ya kulianza, lakini kila mwanzo ulimrudisha mahali pale pale, kwenye alasiri ile yenye giza na taulo mkononi. Sauti ya Golandam ikatoka sebuleni, dhaifu, ikikatikakatika:

“Mpe. Mpe vyote achukue.”

“Mama Mehrab...”

“Mpe, ana baba yake.”

Wakafungua kasha pamoja, yeye na yule mgeni. Wakabeba feni, betri, paneli na kiunzi cha miiba hadi kwenye gari, wakavifunga kamba. Mgeni alitaka kulipa, Eivaz akakataa. Alimkumbusha tu kwamba chujio lisipigwe sana, karatasi yake hupasuka, na likipasuka halichuji kitu hata kama linaonekana zima. Yule mtu akamshika mkono kwa mikono miwili, akaondoka, na gari likapotea haraka kwa sababu siku ile kulikuwa na vumbi.

Tundu la ukutani lililoachwa na kasha Eivaz alilijaza matofali, lakini hakulipiga plasta. Kufikia kesho yake chumba cheupe kilikuwa na tabaka laini sakafuni, na nyayo zake zilionekana humo.

Alirudi sebuleni, akakaa kando ya godoro. Golandam alikuwa ameketi ameegemea mto, mikono magotini, akivuta pumzi moja moja kwa uangalifu, kama mtu anayepanda ngazi. Eivaz alichovya kitambaa kwenye bakuli akamfuta macho na pembe za mdomo. Maji yakageuka kahawia.

“Unadhani baba yake atapona?” Golandam aliuliza.

“Sijui.”

“Atakuja kutuambia?”

“Ni mbali,” Eivaz alisema.

Akamwaga maji yale uani, akarudi na bakuli, na mtungi ukiwa karibu kuisha akachota kidogo tu. Gari la maji lilikuwa halijaonekana tangu wiki iliyopita.